Kiapo cha Shimo

Mzee Mwangangi alivua kofia mbele ya kamati ya ardhi, akasema mambo mawili. La kwanza, shamba la mtoni lilikuwa lake, na kabla yake la baba yake, na kabla ya hapo la babu yake. La pili, hangeapa kwa kithitu.

"Mimi nimeokoka," alisema. "Huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Mzee wa kanisa hawezi kushika hiyo kitu ya giza kwa mkono uleule anashika Biblia."

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo kamati ilikutana katika darasa la tatu. Wazee walikuwa wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwagusa kifuani, na hakuna aliyethubutu kucheka. Kalunde, mjane aliyekuwa akilidai shamba hilo, alikaa sakafuni karibu na mlango kwa sababu hakuna aliyemwachia dawati. Alikuwa na umri wa miaka sabini hivi, mwembamba, mikono imekakamaa kwa kufinyanga vyungu tangu alipokuwa msichana.

"Mimi nitaapa," alisema Kalunde. "Hata leo. Leteni."

Hapa Ukambani hakuna asiyekijua kithitu, pembe ya kuapia. Ukiapa kweli, unaenda zako ukalime. Ukiapa uongo, kinaanza na wewe, kinaendelea na wanao, kisha na wajukuu, mpaka boma linaota nyasi. Ndiyo maana hata watu waliokuwa wakiimba kwaya kila Jumapili hawakumpinga Kalunde alipokitaka. Na desturi ilikuwa wazi kwamba anayekataa kuapa ameshindwa.

"Mwangangi," alisema mwenyekiti, Mzee Mbuvi, "unajua vile inaonekana ukikataa."

"Desturi ni ya zamani. Hii ni 1981. Serikali inapima ardhi kwa darubini, si kwa pembe ya mbuzi." Aligeuza kofia mara mbili mkononi, halafu akasema jambo ambalo hakuna mzee mwingine Kenya nzima aliyewahi kulisema. "Niko na msichana chuo kikuu. Anasomea historia pamoja na hiyo ingine ya kuchimba, akiolojia. Kazi yao ni kujua watu wa zamani walikaa wapi. Babu yangu Ndolo alikuwa mhunzi, na alifulia chuma pale kwa tuta la mtoni. Wacha msichana achimbe. Tukipata chuma, shamba ni yangu. Wacha shimo liape."

Darasa lilinguruma. Wengine waliona ni upuuzi, lakini wengi walifurahi, maana kesi hii ilikuwa imewala miezi minane na hakuna aliyetaka kithitu kiletwe karibu na nyumba yake. Mzee Mbuvi akamgeukia Kalunde.

"Huyo ni mtoto wake," alisema mmoja wa wazee, akimtahadharisha mjane.

Kalunde alifikiri. "Ni mtoto wake," alikubali. "Lakini kama anachimba kwa kitabu, sawa. Kitabu haina ukoo."

*

Mbinya alikuwa akisugua sufuria kwa majivu walipomletea habari. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Baba yake alimweleza kama mtu anayemtuma dukani.

"Baba, chuo hawatufundishi kuamua kesi," alisema.

"Nani amesema uamue? Wewe chimba. Si juzi ulikuwa unalia hauna mahali pa kuchimba ya ripoti yako?"

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomponza. Mwaka wa mwisho ulidai ripoti moja itakayounganisha masomo yake mawili, yaani kumbukumbu za wazee na kile kinachotoka ardhini. Mwalimu wa historia aliwafundisha kumsikiliza mzee mpaka amalize, wasimkatize hata akirudia. Mwalimu wa akiolojia aliwaambia udongo hauna shangazi wala mjomba. Mbinya aliwapenda wote wawili, na tangu Krismasi alikuwa na daftari lililojaa hadithi ya babu mkubwa Ndolo, mhunzi, mtu wa kwanza kufyeka kichaka cha mtoni, kama baba yake alivyomsimulia neno kwa neno. Alichokosa ni shimo tu. Sasa shimo lilikuwa limejileta lenyewe, na, tuseme ukweli, moyo wake uliruka kwa furaha.

Kaka yake Musembi alikuja kula nao jioni hiyo na mkewe Katunge, aliyekuwa na mtoto mgongoni. Nyumba yao ilikuwa hatua mia mbili kutoka kwenye lile tuta, kwenye shamba hilohilo la kesi. Mabati yalikuwa bado yanang'aa.

"Dada, chimba vizuri," alisema Musembi, akicheka ili ionekane ni utani. "Usinichimbe na mimi."

"Kwani unaogopa nini?" baba yao alimkata. "Mhunzi alikuwa pale. Mimi nimewaambia."

Mama yao, Ndila, aliendelea kupakua isyo bila kuinua uso. Mahindi na maharagwe yalikuwa machache, kwa hiyo alijipakulia mwisho.

*

Mbinya alipiga vigingi vinne juu ya tuta, akavifunga kamba, akapata mraba wa hatua mbili kwa mbili. Alikuwa na mwiko wa fundi, brashi ya rangi na chekeche alilolitengeneza kwa wavu wa kuku. Watu walikuja kutazama, wakitarajia atashuka kwa jembe mpaka kiunoni kama mchimba choo. Walipomwona amepiga magoti, anakwangua udongo wa unene wa kidole na kuandika, walichoka.

"Ndiyo hii wanasomea miaka tatu?" mmoja aliuliza. "Bibi yangu anapalilia haraka kuliko huyu."

Kalunde peke yake hakuchoka. Alikuja siku zote tatu, akakaa mbali kidogo ili asilaumiwe, akatazama mikono ya msichana. Siku ya kwanza Mbinya alimsalimia na akamwita susu, nyanya, kama inavyopasa. Siku ya pili Kalunde alimletea ndizi mbili zilizofungwa kwenye leso.

"Una mkono mwepesi," alimwambia. "Mfinyanzi angekuchukua."

Ilikuwa siku hiyo ya pili mchana mwiko ulipogonga vigae. Vilianza vitatu, vinne, kisha vikawa rundo zima limelalia tabaka la majivu meupe na mkaa, na udongo wa chini yake ulikuwa umeiva mwekundu. Kwenye shingo za vyungu, hapa na pale, mtu alikuwa amekwaruza mistari miwili na nukta moja kabla udongo haujakauka. Wafinyanzi wa kwetu hutia alama kwenye chungu, kila mmoja yake au ya mama yake, kama vile wafugaji wa nyuki wanavyotia alama mzinga. Mbinya aliitambua. Chungu cha maji cha nyumbani kwao, kilichonunuliwa sokoni mwaka jana kutoka kwa Kalunde, kilikuwa na alama hiyohiyo.

Aliinua macho. Kalunde alikuwa amesimama.

"Ni ya mama mkwe wangu," mwanamke huyo alisema polepole. "Ndiye alinifunza. Alinipa alama yake kabla afe."

Mbinya aliandika namba kwenye kigae na kukiweka kwenye mfuko.

Siku ya tatu alitafuta chuma. Penye mhunzi huwa na mavi ya chuma, yale makapi meusi mazito yanayobaki baada ya kuyeyusha na kufua, na hayo hayaozi, yanakaa ardhini miaka elfu. Alichekecha kila karai la udongo. Hakupata hata punje. Ndipo akavitandaza vigae vyote juani na kuviangalia kwa utulivu, kama alivyofundishwa. Hakuna kigae hata kimoja kilichokuwa na masizi, kwa hiyo vyungu hivyo havikuwahi kupikiwa. Vingi vilikuwa vimebanduka vipande vya duara ubavuni, jinsi chungu kinavyofanya kikipasukia motoni siku ya kuchomwa. Havikununuliwa, havikutumiwa. Vilifinyangwa na kuchomwa hapo, vikaharibika hapo, vikatupwa hapo. Hapa palikuwa mahali pa kazi pa familia ya Kalunde, na yule mhunzi wa daftari la Krismasi hakuwahi kuwepo hapa.

Alidhani hakuna mtu mwingine kwenye kijiji kile aliyejua kusoma rundo hilo kama yeye. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

*

"Mwaitu," alimwambia mama yake jikoni, "nikisema nilichoona, Musembi anabomoa nyumba."

Ndila alikuwa akipepeta maharagwe. Aliendelea mpaka makapi yakaisha.

"Umeona nini?"

Mbinya alimweleza. Mama yake alisikiliza yote, akachambua kijiwe kimoja, akakitupa nje.

"Si kila kitu unajua lazima useme," alisema. "Mimi nimekaa na baba yako miaka thelathini."

"Kwa hiyo nidanganye?"

"Nani amesema udanganye? Jibu kile unaulizwa. Katunge ana mtoto wa miezi mitano. Ukitaka kusema, sema, lakini baadaye wewe utapanda basi Sultan Hamud urudi kwa vitabu zako. Sisi ndio tutabaki hapa tukiangaliana."

Mbinya alitoka nje. Mtoto wa Katunge alikuwa akilia upande wa mtoni, na sauti ilifika mpaka pale uani. Alimpenda yule mtoto. Alimpenda na kaka yake, na alimchukia baba yake kidogo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

*

Kamati ilirudi kwenye madawati yake. Vigae vilitandazwa juu ya gunia mbele ya ubao, na Mzee Mbuvi akaviangalia kwa heshima kana kwamba vitaongea.

"Chuma iko wapi?" aliuliza.

"Chuma huliwa na kutu," Mwangangi alijibu haraka. "Hata jembe ukiacha nje mwaka moja inaisha."

Wazee walikubali kwa vichwa. Mbinya hakuulizwa kitu.

"Na hii vyungu?"

"Ni ya mama mkwe wangu!" Kalunde alisema kutoka sakafuni. "Alama ni yake, hata mimi natumia. Tulihamia Kitui wakati wa njaa, tukawaachia watu wa Mwangangi shamba wachunge. Kurudi tunakuta wamelima."

"Kalunde, tulikubaliana shimo ndilo liongee."

"Wacha niulize kitu moja," alisema Mwangangi. Sauti yake ilikuwa tulivu, ile ya kusoma matangazo kanisani. "Ni nani hapa hana chungu ya Kalunde kwake? Mwenyekiti, wewe hauna? Sasa, ukifa na mtu achimbe kwako, shamba yako itakuwa ya Kalunde?"

Watu walicheka. Hata Mzee Mbuvi alicheka, kisha akajipangusa mdomo na kumgeukia Mbinya.

"Mwalimu," alimwita hivyo, ingawa hakuwa mwalimu, "hiyo alama inatuambia nini?"

Musembi alikuwa dirishani, ameshika nondo kwa mikono yote miwili. Mbinya aliangalia vigae, maana hapo hapakuwa na uso wa mtu.

"Alama inaonyesha nani alifinyanga," alisema. "Haionyeshi nani alinunua."

Kila neno lilikuwa la kweli. Angeweza kuliandika kwenye mtihani na akapata alama. Kalunde alitazama mikono yake. Mzee Mbuvi alimwamuru karani aandike shamba la mtoni kwa jina la Mwangangi, kisha akasoma kanuni, kwamba asiyeridhika ana siku sitini za kuleta pingamizi kwa fomu, na fomu isiyo na jina la shahidi haitasikizwa. Musembi aliachia nondo. Alikuwa analia, na hakuficha.

*

Kesho yake baba na binti walikwenda kufukia shimo. Mwangangi alikuwa na koleo, Mbinya na jembe. Alimwambia avimwage vigae chini kwanza, vyote, na yeye akauliza kama anaweza kubaki na vichache vya ripoti.

"Vya kazi gani? Ripoti yako ni ya mhunzi."

Akavimwaga. Walifanya kazi mpaka shimo likafika nusu. Baba yake alipumzika juu ya mpini, jasho likimtiririka puani. Labda alikuwa amechoka, au alifurahi mno hata akashindwa kukaa na jambo moyoni.

"Nilidhani mto umebeba hizo vitu zote," alisema. "Kulikuwa na mafuriko ule mwaka wa uhuru."

Mbinya aliacha kuvuta udongo.

"Ulijua viko hapa?"

"Nikiwa mtoto niliwabebea kuni. Yule mama mfinyanzi alikuwa ananipa viazi vya kuchoma, zinakaa kwa majivu ya vyungu." Alitabasamu kidogo, alikuwa bado anavipenda viazi hivyo. "Alikuwa mtu mzuri."

"Na Ndolo?"

"Ndolo alikuwa mhunzi. Lakini huko Mwingi. Hapa hakufika."

Binti yake alikumbuka daftari, kurasa arobaini na moja, na jinsi alivyokaa bila kumkatiza.

"Baba, kwa nini ulikataa kuapa?"

"Si nilisema? Nimeokoka."

"Baba."

Mwangangi alichota koleo la udongo na kulimwaga. Akachota lingine.

"Watu wanacheka kithitu mchana," alisema. "Mimi nimeona nyumba ya kina Mwololo ikiisha, mmoja mmoja. Niko na Musembi. Niko na huyo mtoto."

"Kwa hiyo ukanipa mimi niape."

"Wewe uliapa nini? Uliongea ya kitabu. Kitabu haiui mtu." Alisema hivyo kwa upole, akimliwaza kwa dhati, na hilo ndilo lililomuuma Mbinya kuliko kama angemfokea. "Na nilijua wewe ni wangu. Fukia, jua linakuwa kali."

*

Siku nne baadaye Kalunde aliingia uani kwa Mwangangi mchana kweupe. Alipiga hodi, akamsalimia Ndila, akamsalimia Mwangangi aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake akishona kamba ya nira, kisha akatoa karatasi ya pingamizi iliyokunjwa mara nne kutoka kwenye leso.

"Nimekuja kwa msomi," alisema. "Karani ataniandikia vile anataka. Huyu alichimba, nikamwona. Hana haraka."

Mwangangi aliacha kushona. Kumfukuza mama wa umri ule, tena mbele ya mkewe, lingekuwa jambo la kusemwa mpaka kanisani. "Mwandikie," alisema.

Mbinya alileta kiti na kalamu. Katunge alikuwa amekuja kuomba chumvi, akasimama mlangoni pa jiko na mtoto begani. Kalunde alianza kusema, polepole, akingoja kila mara kalamu isimame.

"Andika hivi. Nilifika nyumbani nikakumbuka. Vyungu ya shimo vilipasukia motoni. Vimebanduka. Mimi ni mfinyanzi, najua. Chungu ikipasukia motoni hakuna mtu ananunua, unaiacha palepale. Kwa hiyo walichoma hapo. Umeandika 'palepale'?"

"Nimeandika, susu."

"Wewe uliona kama vimebanduka?"

Mbinya alihisi macho ya baba yake ubavuni. "Niliona."

"Eeh. Nilijua umeona. Ni vile hawakukuuliza vizuri." Kalunde alimgeukia Mwangangi bila chuki. "Hawakumuuliza vizuri, ndugu. Huyu mtoto hawezi kuficha." Kisha akaweka kidole chini ya karatasi, kwenye mstari mtupu. "Hapa imeandikwa nini?"

"Jina la shahidi."

"Basi weka lako."

Kalamu ilikuwa tayari mkononi na jina lenyewe lilikuwa la herufi sita tu. Mbinya alilitaka jina hilo liwe pale. Alitaka kwa nguvu zote. Mtoto wa Katunge alimtambua shangazi yake, akaanza kurusha miguu na kumnyooshea mikono, na Katunge akamshika, akamgeuza upande wa pili.

"Mwanafunzi haruhusiwi kuwa shahidi, susu," alisema Mbinya.

"Ni sheria?"

"Ni sheria."

Kalunde aliitazama ile karatasi asiyoweza kuisoma, kisha akamtazama msichana, na uso wake ukakubali. "Kama ni sheria, hakuna ubaya. Nyinyi ndio mmesoma."

Alipakwa wino wa kalamu kwenye kidole gumba, akakikandamiza pale alipoonyeshwa, akauliza kama kimekaa sawa. Mbinya alisema kimekaa sawa. Kalunde akaikunja fomu mara nne, mstari wa shahidi ukiwa bado mtupu, akaifunga kwenye leso, akamwekea mkono kichwani na kumbariki kwa sauti, kwamba Mungu amfikishe mwisho wa masomo yake, arudi awasaidie watu wasiojua kusoma.

"Mpe maji ya kunywa," Mwangangi alimwambia binti yake. "Jua ni kali, na anapanda mlima."

Mbinya akaenda kuchota. Kalunde alikunywa kikombe kizima akiwa amesimama, akamshukuru tena, akaondoka.